Nitafuataje pesa kwenye blokcheni? Majibu kwa barua za mwezi huu

Barua zimekuja nyingi mwezi huu na karibu zote zinazunguka jambo moja, watu wanataka kusoma miamala ya Bitcoin na USDT (sarafu ya kidijitali ya kampuni ya Tether, inayofuata thamani ya dola) wenyewe badala ya kungoja mtu awasomee. Nimefurahi sana kusema kweli, juu hii elimu haina karo, blokcheni ni daftari la miamala lililo wazi usiku na mchana na hakuna anayekuuliza kitambulisho ukitaka kulifungua. Nimechukua barua nne. Majina nimeyaacha nje vile wenyewe walivoomba.

Hujambo mwandishi. Niko mwaka wa tatu nasomea TEHAMA, naishi Kasarani. Huwa naona watu wamechora zile ramani za pesa, mishale inatoka anwani hii inaenda ile, na natamani sana kuijua hiyo kazi. Python najua kidogo, SQL tulifundishwa semista moja. Shida ni laptopu yangu ni ya RAM 4 na bando ni ya kuhesabu. Lazima nipakue blokcheni yote? Na nianze na Bitcoin ama Ethereum? (Mwanafunzi, Kasarani)

Karibu sana kijana wangu. Usipakue kitu. Blokcheni nzima ya Bitcoin imeshapita GB 600 na kila dakika kumi hivi bloku mpya, yaani fungu jipya la miamala, inaingia, hiyo waachie wenye mashine na intaneti ya kutosha. Wewe simu yako inatosha kwa mwezi wa kwanza.

Anza na muamala mmoja. Mmoja tu, uusome hadi uweze kumweleza mtu mwingine bila kuangalia skrini. Mimi huwapa watu ule wa piza wa tarehe 22 Mei 2010, siku Laszlo Hanyecz wa Florida alitoa bitcoin 10,000 akaletewa piza mbili. Uko kwenye bloku namba 57043. Fungua mempool.space ama Blockchair (hizi ni eksplora, yaani tovuti za kusomea blokcheni), andika hiyo namba, tafuta muamala ambao upande wa kulia una 10,000 kamili. Sasa angalia upande wa kushoto, pale pesa zinapoingilia. Utakuta vipande 131 vimekusanywa, na ukivijumlisha vinazidi 10,000 kwa bitcoin 0.99. Hiyo 0.99 iko wapi? Upande wa kulia haipo. Ndo ada iliyoenda kwa mchimbaji, yule ambaye kompyuta yake iliingiza hiyo bloku, na ndani ya muamala wenyewe hakuna mahali ada imeandikwa, inapatikana kwa kutoa, vilivyoingia toa vilivyotoka, eksplora imekupigia tu hiyo hesabu. Ukielewa hapo umeelewa kitu ambacho watu wengi wanaonunua Bitcoin miaka yote hawajakigundua, kwamba kule hakuna akaunti yenye salio. Kuna vipande tu, na kila kipande kikitumika kinatumika chote.

Ni kama kulipia unga na noti ya elfu moja dukani, noti haikatwi, unaitoa nzima unarudishiwa chenji. Tofauti ni kwamba kwenye Bitcoin chenji mara nyingi inarudi kwa anwani (namba ya kupokelea pesa) mpya kabisa ya mtu yule yule. Ndo maana anayeanza anaona muamala una njia mbili za kutoka anasema "amelipa watu wawili", kumbe amelipa mmoja na nyingine ni chenji yake mwenyewe. Utajuaje ipi ni chenji? Huwezi kujua kwa hakika, lakini kuna dalili. Kiasi kifupi kama 0.05 huwa ni malipo na kile chenye tarakimu nyingi za ajabu ajabu ndo chenji. Kama anwani za kuingia zote zinaanza na bc1q, halafu moja inayotoka inaanza na bc1q na nyingine na 1, ile inayofanana na za kuingia ina uwezekano mkubwa wa kuwa chenji. Anwani iliyokwisha kutumika kitambo na watu wengine huwa si chenji. Andika kila dalili unayoiona na useme ni dalili, usiandike "ni ya fulani" wakati unamaanisha "inaonekana ni ya fulani". Hii tabia ijenge sasa hivi ukiwa bado mwanafunzi.

Dalili nyingine kubwa ni ya anwani zinazolipa pamoja. Mwaka wa 2013 Sarah Meiklejohn na wenzake kule Chuo Kikuu cha California, San Diego walitumia kanuni kwamba anwani kadhaa zikitoa pesa ndani ya muamala mmoja, basi kuna uwezekano mkubwa mwenye funguo zote (zile siri za kuidhinisha malipo) ni mmoja, kwa hivyo unaweza kuziweka kwenye kundi moja. Hawakuishia kwenye kompyuta, waliingia wenyewe wakanunua vitu na kuweka na kutoa pesa kwenye masoko ya sarafu, ili wakiona anwani waseme hii tunaijua, tulishughulika nayo. Hapo ndo majina yanapotoka, nje ya blokcheni, na nataka ulishike hilo sana. Na hata hiyo kanuni ina mahali inavunjika, kuna miamala inaitwa CoinJoin ambapo watu wasiojuana wanachanga vipande vyao kwenye muamala mmoja kwa kusudi, ukiona njia nyingi za kutoka zenye kiasi kilekile kabisa, simama, usiunge kundi.

Ethereum, ambayo ilianza Julai 2015, ina akaunti yenye salio kwa hivyo ukurasa wa kwanza ni rahisi zaidi kwa macho, ila inakuficha vitu. Mtu akituma USDT, Etherscan, eksplora ya Ethereum, itakuonyesha thamani ni ETH 0, na kwenye "To" utaona anwani ya mkataba wa USDT (programu inayoiendesha hiyo tokeni), si ya aliyepokea. Aliyepokea yuko kwenye kumbukumbu za chini, tukio linaloitwa Transfer. Watu wamechora ramani nzima zinazoonyesha kila mtu Nairobi anamtumia pesa mtu mmoja, kumbe huyo "mtu" ni mkataba wa tokeni. Ndo maana nakwambia Bitcoin kwanza, inazoesha jicho kuhesabu, halafu Ethereum na Tron (blokcheni nyingine inayobeba USDT) utaziingia ukiwa na mashaka ya kutosha.

Ukifika kwa data nyingi, SQL yako (lugha ya kuuliza data) itakusaidia kuliko Python. Tovuti ya Dune inakuruhusu kuandika maswali yako bure kwenye kivinjari, mashine inayofanya kazi ni yao. Google BigQuery nayo ina data ya Bitcoin na Ethereum ya wazi, na kila mwezi unapewa TB 1 ya kusoma bila malipo. Hapo chunga sana, ukiandika SELECT * (yaani niletee safu zote) kwenye jedwali la miamala ya Bitcoin unaweza kumaliza mgao wa mwezi mzima na swali moja, na kuweka LIMIT 10 hakukuokoi juu inasoma safu zote kwanza. Taja safu unazotaka tu na uchuje kwa mwezi. Halafu kuna vipimo, tafadhali. Kule Bitcoin hesabu iko kwa satoshi, milioni mia moja ni bitcoin moja. Ethereum inahesabu kwa wei, yaani moja na sifuri 18. USDT kwenye Tron na kwenye Ethereum ina desimali 6, ukiona 250000000 hiyo si milioni mia mbili na hamsini, ni USDT 250. Angalia desimali za kila tokeni kabla ya kujumlisha chochote.

Mwandishi shikamoo. Mimi ni mweka hazina wa chama chetu Umoja. Tuna ndugu walio Marekani na Uarabuni wanaotaka kutuma michango kwa USDT ya Tron, na mimi nataka wanachama waone pesa zikiingia bila kuniuliza kila siku. Inawezekana? Pia kuna kitu kimenitisha, kwenye historia ya waleti nimeona nimetuma USDT 0 kwa anwani inayofanana sana na ya shemeji, na mimi sikutuma. Je, nimeingiliwa? (Mweka hazina, Umoja)

Marahaba dada yangu, na wanachama wako wana bahati kuwa na mtu anayetaka kuonekana.

Nianze na hofu. Hujaingiliwa. Vile mkataba wa USDT umetengenezwa, mtu yeyote anaweza kuamrisha uhamisho wa sifuri kutoka kwa anwani yako bila ruhusa yako, juu sifuri haihitaji idhini, na historia inaandika kana kwamba umetuma wewe. Anayefanya hivo ametengeneza anwani yenye herufi za mwanzo na za mwisho sawa na za shemeji yako, akitegemea kwamba siku ukitaka kumtumia shemeji utaingia kwenye historia, ukopi ile ya juu, upesti, na pesa imeenda. Huu mtego umewanasa hata watu wakubwa, Mei 2024 mtu mmoja alituma WBTC 1,155 (tokeni inayofuata thamani ya Bitcoin), kama dola milioni 68, kwa anwani ya namna hiyo. Yeye baadaye alirudishiwa, lakini usitegemee. Kwa hivyo usikopi anwani kutoka kwenye historia kamwe, ihifadhi kwenye orodha ya waleti yako na siku ya kutuma usome herufi zote pamoja na zile za katikati.

Sasa kuonyesha wanachama. Ndiyo, inawezekana na ni rahisi. Fungua anwani mpya ya chama peke yake, isiyowahi kuguswa na pesa zako za nyumbani, juu ukishaiweka kwenye WhatsApp ya chama kila mtu ataona kila kilichoingia na kutoka tangu siku ya kwanza hadi milele, na kama humo ndani kuna karo ya mtoto wako wataiona pia. Mwanachama anafungua Tronscan, eksplora ya Tron, anapesti ile anwani inayoanza na T, anaona salio na orodha. Wafundishe kitu kimoja cha ziada. Mtu yeyote anaweza kutengeneza tokeni akaiita USDT na kuiwekea hata nembo, kwa hivyo jina halitoshi, bonyeza jina la tokeni uone anwani ya mkataba. Ya Tether yenyewe kwenye Tron ni TR7NHqjeKQxGTCi8q8ZY4pL8otSzgjLj6t. Iandike kwenye kitabu cha chama. Ikija "USDT" ya mkataba mwingine wowote, hiyo hesabu msiiandike kama mchango.

Na ukitaka kutoa pesa utahitaji TRX kidogo kwenye anwani hiyohiyo ya kulipia ada, wengi hulisahau hilo hadi siku ya mazishi.

Habari yako. Mwanangu ni kijana mzuri lakini siku hizi anakesha akiangalia pesa za watu kwenye hiyo blokcheni. Juzi ameandika kwa WhatsApp ya ploti kwamba jirani wetu ni tapeli, ati anwani yake ilipokea pesa kutoka kwa anwani mbaya. Je, hii kazi yake ni kosa kisheria? (Mama, Kayole)

Mama, kuangalia si kosa. Ile data ni ya umma, imewekwa iangaliwe. Kosa liko kwenye hilo neno aliloandika kwa ploti, na naomba alifute leo na amwendee jirani amuombe radhi, juu ile sheria yetu ya Kenya ya 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta ina makosa ya kusumbua watu mtandaoni, na zaidi ya sheria kuna jirani ambaye mnachota naye maji.

Mwambie hivi pia. Kupokea pesa hakumfanyi mtu kuwa mwizi. Mimi nikiuza simu kwa mtu ambaye pesa zake zimetoka mahali pabaya, anwani yangu itaonekana hatua moja kutoka kwa ubaya huo na sijui chochote. Halafu yeyote anaweza kutuma kitu kwa anwani yako bila kukuuliza. Sentensi anayoruhusiwa kuandika ni "anwani hii ilipokea kiasi hiki kutoka kwa anwani ile, saa hii, muamala namba hii". Akiongeza jina la mtu, aonyeshe amelitoa wapi, na kama hana pa kuonyesha aliache.

Ndugu mwandishi, nimelia hadi nimechoka. Nina duka la vipuri vya simu Ngara. Niliingizwa kwa jukwaa la uwekezaji nikatuma USDT 640, niliinunua kwa mtu kwa M-Pesa halafu nikaituma Tron. Jukwaa limefungwa. Sasa kuna mtu wa Telegram anasema ni haka (hacker) wa kurudisha pesa, anataka USDT 100 kwanza. Namba ya muamala ninayo. Nifanye nini? (Mfanyabiashara, Ngara)

Pole sana ndugu yangu, pole kabisa. Hizo 100 usitume. Muamala ukishathibitishwa kwenye Tron hakuna haka, hakuna polisi, hakuna mtu duniani anayeweza kuubatilisha, na anayekwambia anaweza anakutafuta mara ya pili juu ameshajua wewe ni mtu uliyeumia. Kampuni ya Tether inaweza kuzuia USDT iliyoko kwenye anwani fulani isitoke, na huwa inafanya hivo ikiombwa na vyombo vya sheria, lakini hiyo haipitii Telegram.

Kazi unayoweza kuifanya mwenyewe usiku wa leo ni hii. Pesti ile namba ya muamala kwenye Tronscan. Andika kwenye karatasi ama Excel ulikotoka, ulikoenda, kiasi, saa. Kwenye saa uwe makini, eksplora nyingi huandika saa za UTC (saa ya kimataifa) na sisi tuko mbele kwa masaa matatu, nyingine zinafuata saa ya simu yako, kwa hivyo angalia imeandikwa ipi. Ujumbe wako wa M-Pesa ukisema 9:47 PM, kwenye UTC ni 18:47. Tron inatoa bloku kila sekunde tatu kwa hivyo ile saa unaweza kuiamini karibu na sekunde. (Kwenye Bitcoin nisingekwambia hivo, saa ya bloku kule inaruhusiwa kupotoka hata zaidi ya saa nzima.)

Bonyeza sasa ile anwani iliyopokea 640 zako na uangalie zilienda wapi. Mara nyingi picha huwa hivi, zinakaa kidogo, zinaunganishwa na za watu wengine, zinahamishwa mara mbili tatu kwa anwani ambazo hazina historia, halafu zinaingia kwa anwani moja ambayo kila ikipokea inasukuma yote kwenda kwa anwani kubwa yenye maelfu ya miamala, na Tronscan imeiwekea jina la soko fulani la sarafu. Ukifika hapo simama. Hapa ndo wengi wanaharibu kazi nzuri, wanaendelea kufuata mishale inayotoka kwa ile anwani kubwa, wakidhani bado wanafuata pesa yao. Ile ni waleti ya soko, humo pesa za wateja wote zimechanganyika, na nani anadai kiasi gani kimeandikwa kwenye kompyuta za soko, si kwenye blokcheni. Kinachotoka pale hakina uhusiano na 640 zako.

Rudi hatua moja nyuma. Ile anwani ya mwisho kabla ya waleti ya soko, hiyo ndo ya thamani kuliko zote, juu kwa kawaida soko humpa kila mteja anwani yake ya kuwekea, na mteja huyo huenda alitoa kitambulisho na picha ya uso. Izungushie duara kubwa. Soko halitakupa wewe jina, wala mimi, lakini litajibu polisi wenye karatasi za kisheria.

Nikupe mfano ujue kwamba kufuata kunafika mahali. Agosti 2016 soko la Bitfinex liliibiwa karibu bitcoin 120,000. Zilikaa, zikakatwakatwa, zikapitishwa soko haramu la AlphaBay, zikahamishiwa sarafu nyingine. Februari 2022 wachunguzi wa Marekani wakashika zaidi ya bitcoin 94,000, wakati huo kama dola bilioni 3.6, wakamkamata Ilya Lichtenstein na mkewe Heather Morgan huko New York. Blokcheni iliwapeleka hadi kwenye akaunti za masoko, lakini kilichofungua mlango ni faili iliyokuwa kwenye hifadhi ya mtandaoni ya Lichtenstein, yenye orodha ya anwani na funguo zake za siri. Novemba 2024 alihukumiwa miaka mitano. Miaka yote hiyo daftari lilikuwa palepale, halikufutika hata mstari mmoja. Zako ni 640, najua hakuna kikosi kitakachotumwa kwa ajili ya 640 peke yake, ila kwenye ile anwani ya katikati umeona pesa za watu wangapi zimeunganishwa na zako. Wakiripoti kumi wenye anwani ileile ya kuwekea, hiyo si kesi ndogo tena.

Kwa hivyo chapisha ukurasa mmoja pale saiba, usiwe kumi, hakuna atakayesoma kumi. Juu weka jedwali lako, namba ya kila muamala ikiwa nzima bila nukta nukta katikati, chini weka ujumbe wa M-Pesa na skrinishoti za lile jukwaa, na linki yake. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu upewe namba ya OB (kitabu cha matukio), halafu upeleke kwa kitengo cha uhalifu wa mtandao cha DCI (idara ya upelelezi) kule Kiambu Road. Ile sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali iliyotiwa sahihi Oktoba 2025 imeweka Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji kuwa wasimamizi, kwa hivyo kama aliyekuuzia USDT ama soko lililopokea linafanya kazi hapa nchini, lina wa kumjibu. Pia iandikie idara ya usalama ya lile soko barua pepe usiku huu, uwape namba ya muamala na uwaombe waihifadhi ile akaunti. Wengine hujibu wengine hawajibu, lakini tarehe ya barua yako itabaki.

Na yule mtu wa Telegram usimfungie bado. Hifadhi mazungumzo yote kwanza, na ile anwani aliyokupa ili utume hizo 100 ikopi uipesti kwenye Tronscan vilevile, uangalie pesa zinazoingia humo zinaishia anwani gani ya kuwekea. Ikiwa ni ileile uliyoizungushia duara, iandike kwenye ule ukurasa mmoja kabla hujachapisha, mstari wa kwanza kabisa.